Amali, uanagenzi, JKU, mkopo au Baraza la Vijana: ushike lipi kwanza?

Mpwa wangu alishuka kutoka Konde na bahasha ya nailoni kwapani. Ndani yake mlikuwa na nakala sita za cheti cha kuzaliwa, nakala sita za matokeo ya kidato cha nne, na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wao, iliyotolewa fotokopi mpaka muhuri umegeuka doa la kijivu.

"Shikamoo mjomba. Nataka nitie zote," akaniambia kabla hajavua viatu. "Amali nitie, JKU nitie, na huo mkopo nitie. Itakayoitika ndiyo riziki yangu."

Nilimsukumia kikombe cha chai kwanza. Nusu ya vijana wa Pemba hivyo ndivyo wafanyavyo, wanatia kila pahala kama mtu anayetega madema matano asubuhi moja, na siwalaumu. Ila dema unaliacha majini ukenda zako. Programu hizi zinataka wewe mwenyewe uwe ndani. Aliyeingia kambini JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, hawezi asubuhi yake kuwa karakana ya Vitongoji, kituo cha amali, yaani mafunzo ya ufundi. Aliyechukua mkopo hawezi kumwambia mkopeshaji amngoje mpaka amalize kozi. Katika zote, moja tu unaweza kuibeba pamoja na nyengine yoyote, nayo ni ile inayodharauliwa kuliko zote, Baraza la Vijana. Nitaifikia.

Nazungumza kama mtu aliyekuwa katibu wa baraza la vijana la shehia kwa miaka kadhaa, na aliyewahi kuchukua mkopo wa kikundi ukatutokea puani. Kwa kila programu huwa nauliza mawili. Utakaa muda gani bila ya kuingiza hata shilingi? Na siku ikimalizika, utatoka na kitu gani ambacho hakuna wa kukupokonya?

Kwanza tutenganishe ya Bara na ya hapa

Naanza na hili kwa sababu limewapotezea watu nauli nyingi. Redioni unasikia "mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri". Hiyo ni ya Tanzania Bara. Huko kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024, na kwa vile ilizungumzwa sana, kijana wa Micheweni naye akaona ana fungu lake. Hana. Maendeleo ya vijana si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, ina sera yake ya vijana, ile ya 2005 ilimhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, na ina sheria zake. Nimemuona mtu mzima amekwenda ofisi moja Wete kudai "asilimia nne yangu", wakamtazama kama aliyeulizia basi la kwenda Unguja.

Mchanganyo wa pili ni JKT na JKU. Jeshi la Kujenga Taifa ni la Muungano, lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kabla hata ya Mapinduzi yetu, na nafasi zake kwa Wazanzibari hupitia mikoa na wilaya. Jeshi la Kujenga Uchumi ni letu, limetajwa ndani ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 121, pamoja na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, na Chuo cha Mafunzo, yaani magereza. Matangazo yao hayafanani, masharti hayafanani, na barua ya sheha iliyoandikwa kwa ajili ya moja haifai kwa nyengine. Soma herufi ya mwisho kabla hujapanda gari.

Amali au uanagenzi: hapa ndipo pa kukaa kitako

Vituo vya amali viko chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, iliyoundwa kwa Sheria Namba 8 ya 2006. Unguja kuna Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi. Pemba tuna Vitongoji, nje kidogo ya Chake, na Daya Mtambwe upande wa Wete. Fani ni zile zinazoeleweka na kila mtu: umeme wa majumbani, mafriji na viyoyozi, magari, uashi, bomba, useremala, uchomeaji, ushoni, upishi. Unakaa darasani, unaingia karakana, unafanya mtihani, unatoka na cheti. Hawakupimi kwa divisheni kama chuo kikuu, na hilo peke yake limewaokoa wengi ambao matokeo yao ya kidato cha nne hayaangaliki mara mbili.

Uanagenzi ni mlango mwengine wa nyumba hiyo hiyo. Hapa unapelekwa kwa fundi, hoteli au kampuni, na sehemu kubwa ya wakati wako iko kazini, darasa ni kidogo. Jambo lenyewe si geni kwetu. Zamani mtoto alipelekwa kwa seremala wa majahazi, akafagia maranda mwaka mzima kabla hajaaminiwa msumeno, na hakuna aliyejua atahitimu lini isipokuwa seremala mwenyewe. Kilichoongezeka sasa ni mkataba, tarehe ya mwisho na karatasi ya kuonesha.

Tofauti ya milango hii miwili niliiona kwa fundi mmoja wa mafriji wa Chake ninayekaa naye barzani. Alikuwa na vijana wawili, mmoja mwanagenzi aliyekaa kwake miaka miwili, mmoja katoka kituo cha amali. Ikaletwa friza ya muuza barafu, ile barafu ya samaki, imeacha kugandisha. Mwanagenzi akaweka kiganja juu ya kompresa, akatega sikio, akasema gesi imevuja. Na kweli. Akatafuta tundu kwa povu la sabuni, akaziba, akajaza gesi, maji yakaganda, mwenye friza akalipa akenda zake anacheka.

Wiki tatu baadaye friza ikarudi juu ya gari ya ng'ombe. Safari hii kompresa imekufa kabisa.

Yule wa amali ndiye aliyeeleza. Kabla ya kujaza gesi ilitakiwa kuvutwa hewa yote iliyomo ndani ya mabomba kwa pampu, tena kwa muda wa kutosha, maana hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Unyevu ukibaki ndani unakwenda kuganda kwenye kile kibomba chembamba, njia inaziba, mafuta yanaharibika, kompresa inasukuma mpaka inajiua. Mwanagenzi alikuwa akiiona ile pampu pembeni kila siku. Hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake ni nini hasa, na fundi mwenyewe alikuwa akiiruka akiwa na haraka.

Sasa usikimbilie kusema amali imeshinda. Mwezi uliofuata kijana huyo wa amali alitumwa kuhamisha kiyoyozi cha duka. Akafungua bomba bila ya kuirejesha gesi kwanza kwenye mashine ya nje, gesi yote ikamtokea usoni ikapotea hewani. Darasani alilijibu swali hilo vizuri, juu ya ngazi mbele ya mteja akasahau. Alipoulizwa bei akataja ya hasara, kwa vile hajawahi kununua mtungi wa gesi kwa fedha yake. Mmoja alijua mashine inasema nini, mwengine alijua kwa nini inasema hivyo. Fundi alikuwa akiwalipa sawa sawa, na nadhani alikuwa na haki.

Kwa hiyo ushauri wangu haufuati ubora wa programu, unafuata tumbo. Ukiwa na miaka 17 na wazazi wanaoweza kukulisha, nenda amali, kwani nafasi ya kukaa ukaelezwa "kwa nini" hairudi tena. Ukiwa na miaka 25 na mtoto nyumbani, nenda uanagenzi, kwa vile hata fedha ya soda anayokupa fundi siku kazi ikiwa nzuri ni kitu, na wateja unaowajua leo ndio utakaowahudumia ukifungua banda lako. Ukiweza, anza amali kisha omba uanagenzi. Kuanza nyuma ni kugumu: mtu aliyezoea kushika fedha kidogo kila jioni hakai tena darasani.

Kuna mambo mawili ambayo fomu haitakwambia. La kwanza ni njia. Kutoka Micheweni kwenda Vitongoji ni gari mbili kwenda na gari mbili kurudi, na masika gari hazina saa. Watu hupiga hesabu ya ada wakasahau nauli, na nauli ndiyo inayowatoa. Uliza habari ya dahalia, pahala pa kulala wanafunzi, kabla ya kuuliza habari ya fani. La pili ni karafuu. Mwaka karafuu zikitoka nyingi, kijana anawaona wenzake wanalipwa jioni ile ile kwa pishi walizochuma, na yeye amekaa anachora saketi ya swichi mbili taa moja. Wengi huondoka "kwa wiki mbili tu" wasirudi. Kama unajijua kuwa karafuu zitakuita, sema na mwalimu mapema kuliko kutoweka.

Kwa uanagenzi, muulize mwanagenzi aliyekutangulia, si fundi. Swali liwe moja: mwezi wa sita ulikuwa unafanya nini? Akikwambia alikuwa akinunua chapati na kuosha gari ya bosi, tafuta karakana nyengine.

Na wasichana. Wazazi wetu wa Pemba wakisikia uanagenzi wa hoteli, tena Unguja upande wa mashamba ya kusini au kaskazini, sikio linasikia pombe na nguo fupi. Sisemi wasiwasi wao hauna msingi, lakini jikoni, kufulia, mapokezi na hesabu ni kazi, na zinalipa. Niliyemuona akifanikiwa ni yule aliyempeleka baba yake mwenyewe akaone pahala mtoto atakapolala. Na si lazima iwe upishi au ushoni. Umeme wa majumbani una wasichana, na kuna nyumba ambazo mwenye nyumba akiwa safarini mkewe hamfungulii fundi mwanamme. Hilo ni soko lililokaa wazi.

Ukisikia watu wanataja SEBEP, usiitafute kama programu ya sita. Ni mradi wa ujuzi kwa vijana katika uchumi wa buluu, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na unachokutana nacho wewe ni mafunzo na uwezeshaji wa aina hizi hizi ninazozieleza.

JKU ni kwa anayetaka kombati

Hapa nitakuwa mfupi. Mizizi ya JKU ni kambi za vijana zilizofunguliwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ina mashamba, ina karakana, ina skuli yake Mtoni, makao makuu yako Saateni. Kwenye karatasi inamfundisha kijana uzalishaji na uzalendo. Barzani kila mtu anajua kwa nini vijana wanaikimbilia: ndiyo njia inayojulikana ya kusogea karibu na ajira za vikosi.

Kusogea karibu si kuajiriwa. Matangazo ya JKT husema wazi kwamba linafundisha, haliajiri, na anayekwenda JKU naye bora aende na masikio hayo hayo. Ukilinganisha na amali, JKU inakulaza na kukulisha, kwa hiyo lile swali langu la kwanza linapata jibu zuri. Swali la pili ndilo gumu. Ukitoka bila ya kuchukuliwa kikosini, unatoka na mwili imara, nidhamu, na ujuzi kwa kadiri ulivyopangiwa kazi. Aliyepangiwa karakana ana kitu. Aliyelinda geti ana hadithi.

Ukipenda gwaride, kuamka alfajiri na kupewa amri, nenda, na uende ukiwa mdogo, bila ya familia inayokungojea. Ukichukia kuamrishwa, usijidanganye kwamba utazoea. Na atakayekwambia umpe fedha "amuone mtu" akuwekee nafasi, mpe mgongo. Nafasi haziuzwi, na anayeziuza hana.

Mkopo usio na riba bado ni deni

Mpwa wangu macho yalimng'aa tulipofika hapa. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, wenyewe tunaita ZEEA, ndio mlango wa serikali wa mikopo ya wajasiriamali, na jina linalotajwa zaidi ni Inuka na Uchumi wa Buluu, unaopitia Benki ya CRDB. Sifa yake kubwa kwa watu wa Pemba ni kwamba hauna riba. Hili si dogo. Najua wavuvi waliokataa mikopo ya kawaida maisha yao yote, si kwa ujinga, ni kwa sababu riba ni haramu na hawataki kuila na watoto wao. Kwa mara ya kwanza wakapata mlango ambao shekhe wao hana neno nao.

Lakini watu hutafsiri "bila ya riba" kuwa "bila ya deni". Nikwambie yetu.

Tulikuwa wanane. Tulichukua mkopo wa kikundi, si lazima nitaje kwa nani, tukanunua mashine ya boti na nyavu. Fedha tulizipata mwezi wa tano. Marejesho yakaanza mwezi wa saba. Yeyote aliyezaliwa visiwani ameshaona kosa liko wapi. Mwezi wa saba ni kusi limeshika, bahari imechafuka, boti ndogo haitoki nje ya mwamba. Hatukuwa na samaki wa kula, seuze wa kuuza. Watatu katika sisi wakaondoka kwenda dago, kambi ya wavuvi ya ugenini, upande wa Tanga, wakasema watatuma. Mmoja alituma mara moja. Watano tuliobaki tukalipa kwa fedha za wake zetu, fedha za mwani, na mimi nikauza baskeli. Mkopeshaji hakutudhulumu hata senti. Ratiba tulipewa, tukaitia saini wenyewe, na hakuna aliyeitazama kalenda akauliza upepo gani utakuwa ukivuma.

Tangu siku hiyo, kijana akinijia na fomu ya mkopo simuulizi atafanya biashara gani. Namuuliza rejesho la kwanza liko mwezi gani. Kama ni uvuvi wa boti ndogo, fedha iombwe ili malipo yaangukie kaskazi. Kama ni mwani, hesabu bamvua zako: mwani unachukua kiasi cha wiki sita kukua, na mvua kubwa au joto likiupiga kabla hujavuna, umerudi sufuri na kamba zako tupu. Kama unategemea karafuu za shamba la babu, basi usikope kabisa. Mkarafuu unazaa ukitaka wenyewe.

Ukiulinganisha na amali, mkopo unakupa kitu mkononi siku moja, na unaweza kukichukua siku moja. Ufundi unakuja polepole na hakuna wa kukunyang'anya. Ndiyo maana naupanga mwisho, baada ya kujua kazi. Ila kuna mtu mmoja ambaye kwake ndio wa kwanza, naye ni yule ambaye biashara yake inakwenda tayari na imegota mahali. Jirani yangu anauza urojo na juisi ya ukwaju jioni. Kila siku saa moja na nusu juisi imekwisha, watu wanaondoka, maana hana pahala pa kuipoza nyengine. Yeye hahitaji kozi. Anahitaji friza, na ana daftari la miezi mitano linaloonesha alichoingiza na alichotoa mpaka fedha ya vikombe. Mtu wa aina hii mkopo unamfaa kama maji ya dafu.

Kwenye kikundi, katiba na muhtasari ni karatasi, lakini karatasi hizo ndizo mtakazoshikana nazo siku mmoja akienda dago. Andikeni ndani yake kabisa: anayesafiri analipa vipi. Sisi tuliona aibu kuliandika jambo hilo mbele ya ndugu.

Baraza la Vijana: halina fedha, na bado liingie

Sheria Namba 16 ya 2013 ndiyo iliyounda Baraza la Vijana la Zanzibar, linaloanza chini shehiani, likapanda wilayani mpaka taifa. Wilaya tunazo 11 visiwa vyote viwili. Si tawi la chama. Ni pahala pa vijana wa shehia kukaa na kusema wanataka nini.

Sitakudanganya, mikutano yake inachosha. Nimeendesha mikutano ndani ya darasa la skuli ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu, ajenda ya kwanza imechukua saa nzima nayo ni taa ya uwanja wa mpira. Posho hakuna. Kuna watu huingia kwa kuwa wanatafuta ngazi ya siasa, hao utawajua haraka, wanasimama kila picha ikipigwa.

Lakini tazama kinachobaki mkononi. Barzani tunalalamika, maneno yanakwenda na upepo. Kwenye Baraza la Vijana neno linaandikwa kwenye muhtasari, lina tarehe, linapelekwa kwa sheha, na sheha analazimika angalau kulijibu. Taa ya uwanja ilichukua mwaka na nusu, ikawaka. Kijana aliyeandika barua zile tatu za kufuatilia alijifunza kuandika barua rasmi bila ya kuingia chuo chochote, na alipokwenda kuomba uanagenzi alikuwa mtu pekee chumbani aliyejua kueleza jambo kwa dakika mbili. Faida nyengine inasemwa kwa sauti ndogo: matangazo ya amali, ya uanagenzi na ya mikopo hupita shehiani, na aliyemo barazani huyasikia wiki moja kabla ya aliyeko nje. Huo si upendeleo, ni kuwa karibu na ubao.

Upungufu wetu mkubwa ulikuwa wasichana. Tulikuwa tukikutana baada ya alasiri, mkutano unavutwa, maghribi inaingia, wao wanaondoka kabla ya kufikia maamuzi. Miaka miwili tulikuwa tukisema "wasichana hawana mwamko". Siku moja msichana mmoja akasimama akasema mwamko tunao, saa ndiyo hatuna. Tukahamia Jumamosi asubuhi. Wakajaa mpaka tukaongeza madawati, na ajenda ya taa ya mpira ikapata mpinzani, njia ya kwendea kisimani.

Nani ashike lipi

Usisafirie nyota ya mwenzio. Kijana wa Kojani anayekwenda dago miezi minne kwa mwaka asijiandikishe kozi ndefu ya amali kisha akaikimbia. Atafute kozi fupi inayolingana na miezi anayokaa nyumbani, matengenezo ya mashine za boti kwa mfano, kwani hiyo anayo matumizi yake hata huko dago. Msichana wa miaka 18 aliyemaliza kidato cha nne bila ya watoto, amali, na jina lake liwe barazani wiki hiyo hiyo. Aliyetoka chuo kikuu na shahada imekaa mwaka wa pili ndani ya kabati, nampa uanagenzi, na najua atanuna, kwa sababu atafundishwa na mtu wa darasa la saba. Anune akiwa kazini. Mwenye moyo wa jeshi, JKU, na akiwa na cheti cha amali kabla ya kwenda atakuwa na nafuu kuliko mwenzake. Mama mwenye biashara inayokwenda na daftari, mkopo, akaangalie na kalenda.

Kuhusu karatasi, mambo ni yale yale kila pahala: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kwa aliyefika umri, barua ya sheha mpya na si fotokopi ya fotokopi, vyeti vya skuli kama vipo. Majina yafanane kila karatasi. Pemba mtoto mmoja anaweza kuwa Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa na Hamis kwenye matokeo, na herufi hiyo moja imerudisha watu nyumbani.

Mpwa wangu alilala kwangu siku mbili. Ya tatu alipanda gari ya Wete na fomu moja tu, ya Daya, fani ya umeme, akaniahidi Jumamosi atafika barazani kwao Konde. Bahasha aliniachia. Zile nakala tano za barua ya sheha nimezigeuza upande mweupe, naandikia hesabu za kikundi. Yamebaki marejesho mawili.